Kutoka Usa River Hadi Natron: Pikipiki Moja kwa Lami na Mchanga

Kutoka mlangoni kwangu hadi kwenye lami kuna kipande cha njia ya udongo mweusi. Kiangazi ni vumbi na mashimo. Masika ni tope linalonasa chini ya madigadi mpaka gurudumu la mbele linagoma kuzunguka, ukashuka na kulichokonoa kwa kijiti. Nikishaipita njia hiyo naingia barabara kuu ya Moshi na Arusha, yenye malori yanayotoka mpakani Holili, na Noah na Hiace zinazosimama popote abiria aliponyoosha mkono. Kuanzia Tengeru barabara inapanuka: kilomita 14 za njia nne hadi Sakina, na hapo kila mtu anakanyaga mafuta. Kisha mji wenyewe, mataa ya Sanawari, Kijenge, Kilombero penye mikokoteni na akina mama wenye ndizi kichwani. Jioni narudi hivyo hivyo, na siku inaishia kwenye udongo ule ule mweusi.

Naieleza njia yangu kwa sababu ndiyo inayonifanya nisikubaliane na namna pikipiki zinavyogawanywa na wanaoziuza. Wao wana pikipiki ya mjini na pikipiki ya porini, halafu wana ya tatu, ghali kuliko zote, wanayosema inaunganisha mbili za kwanza kwa ajili ya mtu mwenye kazi siku tano na hamu ya safari siku mbili. Kwetu mambo hayakugawanyika hivyo. Mfanyakazi anayekaa pembezoni mwa Arusha, Mbeya au Morogoro anapita porini na mjini kabla ya saa mbili asubuhi. Muuguzi anayepeleka chanjo kijijini anafanya hivyo mara mbili kwa siku. Swali la pikipiki ya kufanya kazi zote mbili ni swali la riziki kabla halijawa swali la starehe, na linastahili kujibiwa na barabara zetu wenyewe.

Nilikuwa na fedha ya pikipiki moja tu. Nilitaka inipeleke kazini kila siku, na mwisho wa wiki inifikishe mbali, Umasaini, ambako gari dogo haliendi. Kaka yangu ana Honda CRF250L. Mfanyakazi mwenzangu mmoja ana Royal Enfield Himalayan, ile ya kwanza ya injini ya cc 411, akakubali kuniazima. Tukapanga mimi na kaka tuzipeleke zote mbili Ziwa Natron, tukibadilishana njiani. Njia ya Natron ina kila kitu: lami ndefu yenye upepo, mawe, vijituta vya mfululizo vinavyotikisa meno, majivu ya volkano, mito mikavu ya mchanga, na joto.

Kwenye karatasi pikipiki hizi mbili zinakaribiana kuliko watu wanavyodhani. Nguvu za injini zao hazipishani sana, zote zikicheza kwenye nguvu farasi ishirini na kitu. Zote zina gurudumu la mbele la inchi 21, ambalo ndilo linalopanda jiwe badala ya kuligonga. Zote zina rimu za spoki na matairi ya tyubu. Tofauti iko kwingine. Kiti cha Honda kiko milimita 875 kutoka ardhini, cha Himalayan 800. Tanki la Honda halifiki lita 8, la Himalayan ni lita 15. Na Honda ina kilo 144, wakati Himalayan inakaribia 200. Tofauti hiyo ni mfuko mzima wa saruji, wenye chenji juu.

Mimi si mrefu. Nikikaa kwenye Honda ya kaka nagusa chini kwa ncha za buti, na ni mguu mmoja tu unaokaa vizuri. Kwenye Himalayan nakanyaga kwa nyayo zote mbili. Katika foleni ya Kijenge, unaposimama na kuondoka kila hatua kumi, hilo si jambo dogo. Asubuhi tuliyoondoka nilikuwa nimeshaamini kwamba pikipiki yangu ni ile fupi.

Tulitoka alfajiri, Meru ikiwa imejifunika wingu. Tukaupita mji kabla daladala hazijachangamka, uwanja wa ndege, Kisongo, kisha uwanda wa Monduli ukafunguka. Upepo wa pale hauna kizuizi. Unapiga kwa ubavu, na basi kubwa likikupita unavutwa kwanza kuelekea kwake halafu unasukumwa nje. Nilikuwa juu ya Himalayan, na pikipiki nzito ilijionyesha thamani yake: ilitulia, kioo chake kidogo kilinikinga kifua, injini ikinguruma taratibu bila kuhangaika. Kaka kwenye Honda alikuwa anayumba kidogo kila lori lilipopita, na kiti chake chembamba kilimfanya ainuke mara kwa mara kunyoosha mgongo. Kwa mtu ambaye kazi yake ni lami ndefu, tuseme anatoka Babati kwenda Singida mara kwa mara, ningemwambia anunue Himalayan na nisingehitaji kumwona tena.

Makuyuni tukakunja kulia. Hapo njia ya Dodoma unaiacha iendelee, na mbele yako unaanza kuuona ukuta wa Bonde la Ufa. Mto wa Mbu tukanywa chai na kujaza mafuta mpaka shingoni mwa tanki. Kuanzia pale kwenda Ngare Sero, kijiji kilicho kando ya Natron, na kurudi ni zaidi ya kilomita 200, na sheli hukuti. Vijijini petroli inauzwa kwa chupa, ikiwepo. Honda ikienda vizuri inatembea kilomita 30 kwa lita, lakini mchanga unakula mafuta kwa sababu unakwenda gia ya pili na ya tatu muda wote. Kaka akafunga dumu la lita tano kwenye keria. Himalayan haikuhitaji kitu. Fundi wa pancha aliyekuwa jirani na mgahawa akaja kuzitazama, akabonyeza matairi kwa dole gumba, akauliza tunakwenda wapi.

"Punguzeni upepo, dada," akaniambia. "Na tyubu mmebeba?"

Tulikuwa nazo, ya mbele na ya nyuma kwa kila pikipiki. Akaridhika. Nataka nikae kidogo kwenye hili la tyubu, kwa maana wauzaji husifia sana tairi lisilo na tyubu. Ni zuri kwenye lami, likitobolewa na msumari linatoa upepo polepole na unafika nyumbani. Lakini rimu yake ya kumimina ikigonga jiwe la Natron ikapasuka, hakuna kijiji ambacho utapata ya kubadilisha. Rimu ya spoki ikipinda, fundi anaikaza spoki moja moja, anailaza kwenye stendi, anaizungusha mbele ya kidole chake, na unaendelea na safari. Na tyubu inazibwa na kijana yeyote mwenye kiraka, gundi na pampu, kuanzia Namanga hadi Tunduru.

Baada ya Mto wa Mbu tulifuata njia ya Selela, ukuta wa Bonde ukiwa kushoto kwetu safari nzima. Vijituta vikaanza. Kwenye vijituta mwendo wa polepole ni mateso. Ukifika kilomita 50 hivi kwa saa tairi linaanza kuruka kutoka mgongo mmoja hadi mwingine na mtikisiko unapungua, ila breki nazo zinapungua, maana tairi haligusi chini sawasawa. Unasimama juu ya vikanyagio, magoti yamelegea, mikono haishiki kwa nguvu. Hapa tulibadilishana kwa mara ya kwanza. Honda ina shokapu zenye safari ndefu, na nilipoisimamia ule urefu wa kiti ulionitisha ukatoweka, kwa sababu hakuna anayekaa kwenye kiti katika barabara ile. Nilichokisikia ni wepesi. Nikiona shimo, nilisogeza kiuno na pikipiki ikaenda. Kwenye Himalayan ilinibidi niamue mapema zaidi, na nikishaamua ndiyo imetoka.

Engaruka ni kijiji chenye maji, kijani katikati ya ukavu. Juu ya kijiji, chini ya ukuta wa Bonde, kuna magofu ya watu walioishi na kulima hapa karne kadhaa zilizopita, kwa mifereji ya kumwagilia iliyojengwa kwa mawe. Tulisimama kwenye kivuli. Hapo tukamkuta afisa mifugo mmoja, mtu mzima, ameegesha Honda XL125 ya kazi. Nyuma alikuwa amefunga boksi la chanjo kwa mpira wa tyubu kuukuu. Pikipiki ilikuwa imechoka rangi, lakini cheni ilikuwa imekazwa vizuri na imepakwa oili, spoki zote zipo, na mkono wa klachi ulikuwa umefungwa utepe pale kidole kinapokaa.

Tukamwamkia. Akaitikia, akazizunguka pikipiki zetu bila haraka.

"Hii nzuri," akasema, akiligonga tanki la Himalayan. "Ila ikilala kule korongoni, nani anakuinulia?"

Kaka akasema tuko wawili.

"Leo mko wawili," akajibu.

Akatueleza kazi yake. Anakwenda boma hadi boma, peke yake, na chanjo haisubiri. Akifika mahali pa mchanga mkubwa anashuka, anaweka gia ya kwanza na kutembea kando ya pikipiki huku inajivuta. Ikianguka anaiinua bila kumwita mtu. Ea klina anaifungua na kuikung'uta mwenyewe jioni, kwa sababu majivu ya mlima yanaziba kuliko vumbi la kawaida. Injini inapozwa na hewa tu, haina rejeta ya kutobolewa na jiwe. Alipoondoka aliipiga kiki mara moja ikawaka, akaingia kwenye njia ya ng'ombe ambayo sisi hatukuwa tumeiona.

Nimemfikiria sana mzee yule. Watu kama yeye wamekuwa wakifanya katika nchi hii, miaka na miaka, kile ambacho matangazo ya pikipiki za safari yanakiuza kama ndoto. Mabwana shamba, waratibu elimu kata, wapima malaria, makatekista wenye vigango vitano: hawa walipewa XL, au Yamaha DT na AG100, wakaenda nazo ofisini na porini kwa siku hiyo hiyo, mvua na jua. Mtu akitaka kujua pikipiki ya kazi zote mbili inafananaje, aanze kwa kutazama uwanja wa ofisi ya halmashauri yoyote. Ataona kitu chembamba, cha silinda moja, gurudumu la mbele kubwa, madigadi iliyo juu, keria ya chuma, na uzito ambao mtu mmoja anaumudu.

Baada ya Engaruka nchi inakauka kabisa. Kerimasi inasimama mbele, na nyuma yake Ol Doinyo Lengai, mlima mwembamba, wenye mteremko mkali, uliochirizika weupe kileleni. Lengai ni volkano hai, na hakuna nyingine duniani leo inayotoa lava ya aina yake, yenye kaboneti za sodiamu na kalisi, inayotoka nyeusi na kugeuka nyeupe ikikutana na unyevu wa hewa. Ililipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008 na kumwaga majivu eneo lote. Majivu hayo, na ya milipuko iliyotangulia, ndiyo tuliyokuwa tunapita juu yake. Ni laini kama poda, yanaficha mashimo, na yanaingia kila mahali: kwenye miwani, kwenye cheni, kwenye sponji ya ea klina. Pikipiki ambayo ea klina yake inafikiwa kwa kufungua skrubu mbili chini ya kiti ni bora kwa njia hii kuliko ile inayodai tanki liondolewe kwanza. Mwambie muuzaji akuonyeshe kwa mkono, si kwa mdomo.

Katika korongo moja pana mchanga ulikuwa umejaa kutoka ukingo hadi ukingo. Nilikuwa juu ya Himalayan. Mchanga una kanuni zake: kaa nyuma, mzigo usiwe kwenye gurudumu la mbele, usifunge mafuta katikati, tazama mbali unakokwenda na si chini ya tairi. Nilifika karibu na ukingo wa pili, gurudumu la mbele likazama kwenye mfereji wa magari, pikipiki ikajilaza polepole, mimi nikaruka pembeni. Hakuna kilichovunjika. Nikazima injini, nikageuka kuipa mgongo, nikachuchumaa, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye keria, nikasukuma kwa miguu jinsi inavyofundishwa. Ikanyanyuka robo, mchanga ukateleza chini ya buti, ikarudi. Mara ya pili hivyo hivyo. Jua lilikuwa utosini na upepo ulikuwa wa moto. Kaka alikuwa ameshavuka na kutangulia mbele ya kona, hanioni. Hapo nikalielewa swali la mzee wa Engaruka kwa mwili wangu wote. Kaka aliporudi tuliiinua pamoja kwa pumzi moja.

Tukiwa tunapumzika wakatupita vijana wawili wa Kimaasai kwenye Boxer moja, na mbuzi amelazwa katikati yao. Miguu yao iliburuzwa mchangani kila upande, injini inalia gia ya kwanza, wakavuka bila kusimama. Aliyekuwa nyuma akatupungia. Huku kwetu tunaziita toyo zote hizo, na matairi yake ni ya inchi 17 ya mjini, shokapu zake fupi. Hakuna mtengenezaji aliyezikusudia kwa korongo lile. Zinavuka kwa wepesi wake, na kwa ujuzi wa vijana wanaoipita njia ile kila juma.

Kule Ngare Sero joto lilikuwa halijashuka ingawa jua lilikuwa limeegemea ukuta wa Bonde. Ziwa liko chini sana, karibu mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, na limezungukwa na magadi. Flamingo wadogo huja kuzaliana humu kwa sababu maji yale makali yanawazuia maadui wao wasiwafikie. Tulikwenda karibu na ufuo kwa pikipiki, kisha kwa miguu. Magadi yanakula chuma, na jioni ile tuliomba ndoo mbili za maji tukaosha cheni, spoki na sehemu ya chini ya injini kabla ya kula.

Kambini tulikuta wasafiri wawili kutoka Ulaya waliokuwa wakielekea Afrika Kusini, kila mmoja na pikipiki kubwa ya silinda mbili yenye masanduku ya alumini. Walikuwa wamechoka mno. Moja ya pikipiki ilikuwa imenasa mchangani mchana, ikahitaji watu wanne kuitoa, na waliipata bahati ya vijana waliokuwa wakichunga karibu. Ni watu waungwana, wanaendesha vizuri kuliko mimi. Walisema kwenye lami ya kutoka Nairobi walikuwa wanafurahi kama wafalme. Kesho yake waliamua kurudi Mto wa Mbu wakafuate lami.

Usiku ule mimi na kaka tulizungumza habari za pikipiki hizi kubwa, ambazo kaka anazijua historia yake. BMW ilipotoa R80 G/S mwaka 1980, ilikuwa pikipiki ya cc 800 hivi yenye uzito usiofika kilo 200, na mwaka 1981 Hubert Auriol alishinda nayo mbio za Paris–Dakar. Lakini mbio za kwanza kabisa, zilizomalizika mwanzoni mwa 1979, alizishinda Cyril Neveu juu ya Yamaha XT500, silinda moja, kitu chepesi kilichokuwa kikiuzwa dukani kwa mtu yeyote. Tangu hapo ukoo wa G/S umenenepa: R1250GS ina kilo 249 kabla hujaweka sanduku hata moja. Mwaka 2004 waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman walisafiri kutoka London hadi New York kwa BMW kubwa, na kule Mongolia mpigapicha wao, Claudio von Planta, aliachana na yake kwa muda, akaendelea na Izh ya Kirusi ya bei ndogo iliyonunuliwa hapo hapo. Mwaka 2007 walipita Kenya na Tanzania wakielekea Cape Town. Katika safari zote mbili magari ya msaada yaliwafuata. Anayeangalia filamu za safari hizo akavutiwa na pikipiki, na ayaangalie magari yale pia.

Sidharau pikipiki kubwa. Ni mashine nzuri sana, na mtu mrefu mwenye nguvu anayesafiri na mwenzake kwenye lami za bara zima hatapata raha kama hiyo kwingine. Ninachokataa ni kumwuzia mtu wa Usa River au Kibaha wazo kwamba ukubwa wa injini ndio unaofungua njia mbaya.

Asubuhi tulipanda ukuta wa Sonjo kuelekea Sale. Kwa pikipiki inayotaka kufika Loliondo kutoka Arusha hii ndiyo njia, maana pikipiki haziruhusiwi kukatiza Hifadhi ya Serengeti. Ni kona za kukunjana juu ya mawe yaliyolegea, upande mmoja ukuta na mwingine ziwa lote liko chini yako. Nilikuwa kwenye Honda, na sikutamani kubadilishana. Gia ya kwanza na ya pili, vidole viwili kwenye klachi, jicho kwenye kona inayofuata. Mara kadhaa ilinibidi nisimame kwenye mteremko, mguu mmoja juu ya jiwe, mwingine hewani. Ule mguu mmoja ulitosha. Nilishagundua tangu Engaruka kwamba mtu mfupi hujifunza kuteleza kidogo kwenye kiti na kukanyaga upande mmoja, na baada ya muda hawazi tena. Urefu wa kiti unazoeleka. Uzito hauzoeleki, misuli niliyonayo leo ndiyo niliyonayo, na itapungua.

Kule juu, baada ya mawe yote yale, unakutana na lami, laini na mpya, kilomita 49 kati ya Sale na Waso. Ng'ombe wamelala juu yake wakiota jua. Tuliifuata kwa muda, Honda ikiimba kwenye gia ya sita, kisha tukageuka. Ndani ya asubuhi moja tulikuwa tumepanda mlima wa mawe na kutembea lami safi, na pikipiki ile ile ya kilo 144 haikulalamika kwa lolote kati ya hayo mawili.

Niliporudi nilitafuta CRF250L iliyotumika, nikaipata, nikainunua. Fundi wa viti wa Kilombero alichonga sponji ya kiti sentimita chache, akaniambia kweli kwamba kitakuwa kigumu zaidi, na ni kigumu. Fundi wa kuchomelea akanitengenezea keria ya kubebea begi la kazini na dumu. Nimefunga matairi yenye kashata za wastani, kwa sababu zile kubwa za porini zinateleza kwenye lami yenye maji na zinaisha upesi kati ya Tengeru na Sakina. Mjini inapenya pale Himalayan ingesubiri, na kwenye udongo mweusi wa masika inatoka. Siwezi kumbeba mtu mzima kwa safari ndefu, kiti hakiruhusu. Mwenye mume, mke au mtoto wa kumpitisha shule kila asubuhi aitazame Himalayan kwa moyo mweupe, na ajue anapata nini na analipa nini. Na ambaye mfuko wake haufiki kwenye hizi, asijione amekosa. XL125, Yamaha XTZ125 na ndugu zao wa cc 125 hadi 150 wenye magurudumu ya spoki zitampeleka Natron na kumrudisha kazini Jumatatu, kwa mwendo mdogo zaidi, na spea zake zipo katika maduka mengi zaidi.

Kwa hiyo wewe unayetaka kununua, usiishie kuikalia pikipiki dukani na kupiga honi. Muulize muuzaji bei ya kebo ya klachi, pedi za breki na tyubu ya mbele, na umtake akuonyeshe kwamba anazo rafuni. Kisha mwombe muitandikie maturubai, muilaze chini taratibu, wewe uinue peke yako, bila kusaidiwa. Ikikushinda pale kwenye sakafu ya saruji yenye kivuli, kwenye mchanga wa Natron saa saba mchana itakushinda zaidi. Na muuzaji akikataa kuilaza, nenda duka la jirani.